Neno "Carry" na Jina la Kariakoo

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita sentensi sita za Kiingereza, wazifasiri kwa Kiswahili. Katika kila sentensi mlikuwamo neno lile lile moja, "carry". Nililichagua kwa kuwa ni neno jepesi. Kila mtoto alikuwa akilijua tangu siku za kwanza za kujifunza Kiingereza, na kila mmoja aliniambia upesi, "Mwalimu, maana yake ni kubeba." Nikawaacha waandike.

Jioni nilipoyasoma madaftari nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mmoja wao aliandika kwamba mama alimbeba mtoto, meli ilibeba mahindi, mafuriko yalibeba daraja, mbu hubeba homa, sauti ya kengele ilibeba mpaka ng'ambo ya mto, na karani alibeba amri ya mkubwa wake. Kiingereza alikifahamu vema, wala hapana sentensi hata moja ambayo maana yake ilimpita. Kilichompotea ni Kiswahili. Naye ni mtoto wa Kariakoo, aliyezaliwa katika Kiswahili na kulelewa ndani yake!

Asubuhi yake tulizirudia sentensi zile pamoja. Mama alimbeba mtoto: hapa hapana kosa. Meli ilipakia mahindi, au ilichukua shehena ya mahindi. Daraja lilichukuliwa na maji. Mbu hueneza homa, kwa kuwa huvitoa vijidudu katika damu ya mtu mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Sauti ya kengele ilifika, au ilisikika, mpaka ng'ambo. Karani aliitimiza amri. Neno moja la Kiingereza limetutaka maneno sita ya Kiswahili, na bado hatujamaliza; maana hata katika hesabu, mwalimu anapojumlisha 8 na 7, huandika 5 na kuichukua 1 kwenye makumi, na Mwingereza hapo husema neno lile lile.

Msidhani kwamba Kiingereza ni maskini wa maneno. Mwingereza naye anayo maneno mengine ya karibu na hilo, moja la kuvumilia mzigo, moja la kusafirisha, moja la kuleta na moja la kupeleka. Lakini neno lake la kila siku ni pana kama mkeka wa sebuleni, hukaliwa na kila mgeni. Sisi tuna mikeka mingi midogo, na kila mgeni ana wake. Afasiriye hana budi kutazama kwanza: ni nani anayechukua, anachukua nini, na anakichukuaje.

Jumamosi iliyofuata niliwakusanya watoto Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo kwa miguu. Niliwaagiza wasinunue kitu, bali watazame jinsi mizigo inavyokwenda, na wasikilize maneno ya watu. Hatukuhitaji kwenda mbali. Katika Mtaa wa Kongo tulimwona mama mmoja ameinama mbele ya tenga la nyanya, akamwambia kijana aliyepita, "Mwanangu, hebu nitwike." Kijana akalishika tenga, akamwekea kichwani juu ya ngata. Tazameni neno hilo. Kutwika si kuchukua, bali ni kumpandishia mwenzako mzigo kichwani. Ajipandishiaye mwenyewe hujitwika, na afikapo huutua. Kiingereza kitahitaji maneno mengi kuyaeleza hayo ambayo mama yule aliyasema kwa neno moja, kijana asisite kidogo.

Kando yake alisimama mama mwingine, mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga. Huyo amembeba, na wazee husema pia amemweleka. Neno kueleka ni la mtoto, mgongoni au nyongani; hakuna aelekaye gunia. Mbele kidogo vijana walikuwa wakipakia mabalo ya nguo katika lori. Ng'ambo ya barabara, palipojengwa jumba jipya, wengine walikuwa wakisomba mchanga. Kusomba ni kuchukua kwa safari nyingi, ukienda na kurudi, mpaka chungu iishe. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mtu aweza kusomba kikombe kimoja cha maji. Hawezi, labda awe na mtungi wa kujaza.

Zamani mji huu ulikuwa na wauza maji waliopita mitaani na mzegazega, yaani mti uliolazwa begani, debe moja huku na debe moja huku. Siku hizi mzegazega ni haba, na kazi yake imetwaliwa na mkokoteni, ambao jina lake limetoka katika kukokota, na baiskeli. Na hapo kwenye baiskeli ndipo nilipowasimamisha watoto. Mtu mmoja alikuwa akifunga kreti tatu za soda nyuma ya kiti kwa mpira. Nikauliza, "Hicho chuma zilipowekwa kreti chaitwaje?" Wakajibu wote, "Keria!" Nikauliza, "Neno hilo limetoka wapi?" Kimya. Kumbe ni neno lile la Kiingereza, "carrier", yaani kichukuzi au mchukuzi, lililotokana na "carry". Waswahili walilisikia, wakalikata likawaenea kinywani, wakalitumia. Nikawaambia kwamba neno hilo limeingia katika mji huu mara mbili, na kwamba mara ya kwanza halikuja na baiskeli. Wakati huo walikuwa wamesimama juu yake.

Lakini kabla ya kulieleza hilo, yafaa tutazame majina ya watu wenyewe wachukuao mizigo, maana nayo ni mengi, wala si sawasawa.

Mpagazi ni mtu wa safari. Ametoka katika neno kupagaa, yaani kuchukua mabegani. Karne ya kumi na tisa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakitembea kutoka Unyamwezi mpaka Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Neno hilo la kupagaa lina ndugu wa ajabu: mtu aliyeingiwa na pepo husemwa amepagawa, kana kwamba amekuwa yeye mpagazi wa pepo.

Hamali ni mtu wa mjini na bandarini. Neno ni la Kiarabu, nasi tunalo jamaa zake wengi pasipo kuwatambua: mhimili uchukuao dari, kuhimili, na kustahimili, yaani kuchukua taabu bila kuitua. Kuli ni mtu wa gati. Neno hilo limepita bahari kutoka Bara Hindi, na kwa Wazungu wengi lilikuwa neno la dharau. Lakini makuli wa Dar es Salaam hawakuwa watu wa kudharauliwa, kwani mgomo walioufanya mwaka 1947 ulianzia bandarini ukapanda na reli hadi bara. Na mchukuzi ni jina la jumla, la kila mtu achukuaye.

Sasa turudi pale tuliposimama. Kabla ya vita vya 1914, Wadachi, ndio Wajerumani, waliotawala nchi hii wakati ule, walipima upande wa magharibi wa mji, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, wakikusudia kuwapa Waafrika mahali pa kujenga. Wakajenga pale na banda kubwa lenye paa. Vita vikaanza kabla mambo hayo hayajatimia. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na uwanja ule na banda lile wakavitwaa viwe kambi ya wachukuzi wa jeshi lao. Jeshi la wachukuzi kwa Kiingereza liliitwa "Carrier Corps". Neno hilo la pili Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, na herufi zake mbili za mwisho hazisikiki. Hutamkwa karibu na "koo". Basi watu wakasema Kariakoo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba jina hili limetokana na koo la mtu, kwa sababu wauzaji wa sokoni hupiga kelele mno! Sikumkaripia. Tangu mwanzo hakuna aliyemwambia.

Vita vilipokwisha kambi ikaondoka, lakini jina likabaki. Banda likawa soko. Katika miaka ya 1970 soko la kale lilivunjwa, na jengo kubwa la sasa, lenye orofa ya chini ya ardhi iitwayo Shimoni, lilichorwa na Bwana Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 lilishika moto. Hayo yote yamepita juu ya jina lile lile. Tena si hapa tu. Nairobi nako kuna mtaa na soko kwa jina hilo, nao huliandika Kariokor. Wachukuzi walipopigishwa kambi, neno liliota.

Lakini kwa nini jeshi lilihitaji wachukuzi wengi hata wakafanyiziwa miji? Sababu ya kwanza ni mbung'o, aliyewaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Ya pili ni njia: reli zilikuwa chache, na mvua za mwaka 1917 ziliufurisha Rufiji, magari yakazama katika matope. Ya tatu ni hesabu, nayo nataka muifanye wenyewe.

Tuseme mchukuzi ana mzigo wa unga wa ratili 60, na posho yake ni ratili 2 kwa siku. Askari wako mwendo wa siku 10 kutoka ghalani. Mchukuzi naye ni mtu, hana budi kula. Kwenda atakula ratili 20. Kurudi atahitaji ratili 20 nyingine. Basi katika ratili 60 alizojitwika, zitakazomfikia askari ni 20 tu. Na askari wakisonga mbele wawe mwendo wa siku 15? Atakula 30 kwenda na 30 kurudi, na askari hatapata hata kibaba. Ndipo huhitajiwa wachukuzi wa kuwachukulia wachukuzi chakula, na wengine wa kuwachukulia hao. Kila jeshi lilivyozidi kumfuata adui kusini, ndivyo walivyozidi kutafutwa watu vijijini. Na mara nyingi kilichopunguzwa ni chakula cha mchukuzi, si cha askari.

Waingereza waliandikisha watu kwa mamia ya maelfu, kutoka Kenya na Uganda ya leo, kutoka nchi hii waliyoiteka, na kutoka kwingineko. Wadachi nao walikuwa na wachukuzi wao, ambao habari zao zimeandikwa kwa uchache zaidi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe wachukuzi wao waliokufa walizidi 40,000, na wako wanahistoria wanaodhani idadi ya kweli inakaribia 100,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa na kichomi, watu wa nchi za joto wakilala bila blanketi milimani, na watu wa ndizi wakilishwa unga usioiva. Vita vilikwisha huku mnamo Novemba 1918, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa.

Mtu wa Pwani akiambiwa habari kama hizi hukumbuka ile methali, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi machoni pa yule asiyeuchukua.

Sasa natazama tena neno letu kuchukua. Katika Kiswahili lina maana mbili kubwa zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza ni kubeba na kwenda nacho. Ya pili ni kutwaa. Mtu huchukua mzigo, na mwizi huchukua mali. Mwingereza huzitenga maana hizo kwa maneno mawili, sisi tumeziacha pamoja; na katika habari ya Kariakoo zimekutana hata hazitenganiki. Maana wengi katika wachukuzi wale walikuwa wamechukuliwa. Huko Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 iliyoruhusu watu watwaliwe kwa nguvu, na mwaka 1917 watu walikusanywa kwa wingi usiopata kuonekana. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Ukimwita mmoja wao mchukuzi, sema pia alichukuzwa, na kabla ya kuchukuzwa alichukuliwa. Maneno matatu katika shina moja, na maisha ya mtu yamekwisha kuelezwa. Naona hapa Kiswahili kimeshinda.

Neno hili lina maana nyingine tena, njema, ambazo vijana wanazisahau. Wazee husema fulani anawachukua wazazi wake, yaani anawalisha na kuwatunza. Husema kanzu hii yakuchukua, yaani yakufaa, yakupendeza mwilini. Husema chukulianeni, yaani vumilianeni. Na lori hili lachukua tani saba, hata likiwa tupu. Nami ningependa kuyasikia maneno hayo vinywani mwenu kuliko kusikia "beba" katika kila jambo. Siku hizi hata mshindi wa kombe la mpira husemwa amelibeba. Hilo naliachia, kwa sababu kweli hulibeba.

Tulipotoka sokoni niliwapeleka watoto mpaka Mtaa wa Samora, penye Sanamu ya Askari. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Wadachi, iliyoondolewa Waingereza walipoingia. Ni askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi, amegeukia bandarini. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza na Kiswahili, na ndani yake wachukuzi wametajwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo yanaahidi pia kwamba jina la aliyekufa akiipigania nchi yake litakumbukwa na wanawe. Watoto waliizunguka sanamu wakitafuta majina. Hawakuona hata moja. Nairobi kuna sanamu kama hiyo, nayo ina watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Lakini huyo naye hana jina.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Kizungu aliyekufa Tanga au Mahiwa alikumbukwa kwa jina lake, ama juu ya kaburi lake, ama katika orodha iliyochongwa. Mchukuzi aliyemletea chakula cha mwisho aliachiwa jina la kundi tu, nalo likamezwa na soko.

Tulirudi jioni, jua limeelekea Magomeni. Yule mwanafunzi wa sentensi sita alinyamaza njia nzima. Tulipofika Mnazi Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, yule mtu wa kreti tatu, mimi nimwite nani? Mpagazi siye, wala si kuli, wala si hamali." Nikamwambia nadhani ni mchukuzi. Akafikiri, akasema, "Lakini huyu hakuchukuliwa na mtu." Nikamwagiza arudi siku ya pili akamwulize mwenyewe jina lake. Alirudi, akamwuliza, akaliandika katika daftari.

Mazoezi

1. Fasirini sentensi hizi kwa Kiingereza, kisha mseme ni zipi zinazoweza kutumia neno "carry" na zipi haziwezi: Amemtwika dada yake mtungi. Vijana wanasomba matofali. Kazi hii itachukua siku mbili. Kilemba hiki chakuchukua. Anawachukua wazazi wake.

2. Mchukuzi ana mzigo wa ratili 60, na anakula ratili 2 kwa siku. Askari wako mwendo wa siku 12. Je, zitawafikia ratili ngapi, ikiwa mchukuzi hana budi kurudi? Wanahitajiwa wachukuzi wangapi ili zifike ratili 600?

3. Maneno keria na Kariakoo yametoka katika neno moja. Tafuteni sokoni maneno mengine matatu yaliyotoka katika Kiingereza, mwandike jinsi Waswahili walivyoyabadili.

4. Waulizeni wazee wa nyumbani kwenu kama yuko mtu wa ukoo aliyechukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918. Akiwapo, andikeni jina lake lote, na jina la kijiji chake.